Kulia, Kumi na Mbili

Pskov, 3 Aprili 1974

Mdogo wangu Gleb,

Mama anakusalimu na anauliza kama soksi alizokufumia zimekufika. Nami nakusalimu, ila salamu zangu ni fupi kwa sababu nina shida.

Jina la shida unalijua. Savely wamemfukuza bandarini. Nani atamshusha mtoni mpiga mbizi anayenuka vodka saa tatu asubuhi? Majirani wananiambia niachane naye, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini wewe unamjua, Gleb. Akiwa mkavu, bila kileo, hakuna mwanamume kama yeye mtaa mzima. Jumapili alipiga magoti mbele yangu, akaweka mkono juu ya kichwa cha Taya wetu aliyekuwa amelala, akaapa hatagusa tena. Nikamwambia: tone moja tu, na nyumba hii usiione.

Nasikia huko kwenu ziwani wapiga mbizi hawatoshi. Mchukue. Mimi siwezi kumfuata, Mama hainuki kitandani. Mweke karibu yako, umwangalie kama yai. Ndugu sina mwingine, na neno lako naliamini kuliko langu.

Dada yako,
Kapitolina


Przhevalsk, 16 Juni 1974

Kapa wangu, mama Taya,

Kwanza nawasalimu wale wanaosoma barua hizi kabla hazijakufikia. Hamjambo, jamaa? Mke wangu naye hajambo, asanteni.

Nimeajiriwa, nimenenepa. Wenyeji wanaapa kwamba ziwa hili haligandi hata Januari. Maji yake yana chumvi kidogo, kama supu ya mama mkwe. (Hiyo usimsomee.) Kazi yangu ni kuokota. Mdogo wako ana farasi wake, tumwite farasi ili jamaa wasituchoree wino mweusi. Mbio zake sijapata kuona, ukipepesa jicho kapita. Lakini ni kiziwi! Kelele za mbio zake mwenyewe zinamziba masikio. Torpedo za kawaida, hizo si siri, wewe uliyekulia mji wa mabaharia unajua, nyingine husikiliza injini ya meli, nyingine huvutwa kwa waya kama mbuzi. Huyu hasikilizi na hana kamba. Ukishamwachia, hata umwite kwa jina la mama yake hageuki. Kwa hiyo shemeji humwambia njia yote kabla hajatoka zizini.

Na wana mchezo wao wa kunichekesha. Shemeji anazungusha kidude cha kupangia njia, anataja upande na digrii kwa sauti, “Kulia, kumi na mbili!” Mzee mmoja wa jeshi, Okhrimenko, lazima ajibu, “Kulia, kumi na mbili!” kama padri na kwaya. Asipojibu, farasi haachiwi. Sisi wa boti tunangoja mbali, upande wa kushoto. Farasi akichoka akazama, nashuka kumfunga kamba.

Nakutumia tena mfuko wa aprikoti kavu, wa pili huu. Mwambie Taya atafune polepole, zina kokwa. Usiniulize nazipata kwa biashara gani. Nikija Mwaka Mpya nitakwambia mwenyewe, na utacheka mpaka ulie.

Sijaonja, Kapa. Leo ni siku ya sabini na saba.

Wako,
Savely


Pskov, 30 Agosti 1974

Gleb mdogo wangu,

Leo nauliza jambo moja, unijibu jambo moja.

Dukani yupo mama ambaye mwanawe alitumikia jeshi huko kwenu. Anasema kwenu spiriti inamwagika hadi mbuzi wanayumba. Savely ananiandikia vichekesho kila barua, na ndivyo alivyokuwa zamani: akichekesha sana, ujue kuna chupa nyuma ya jiko. Nazipokea hizo aprikoti zake na haniambii zinatoka wapi. Moyo wangu hautulii hata nikiwa mbele ya wanafunzi ubaoni.

Anakunywa? Sema ndiyo au hapana.

Kapitolina


Przhevalsk, 14 Septemba 1974

Dada Kapa,

Unaniuliza jambo gumu. Hapa kila mpiga mbizi hupewa chupa moja ya spiriti kwa mwezi, ya kujisugulia mwili akitoka majini. Si ya kunywa, lakini watu unawajua. Sijamwona Savely akiyumba. Ila nitakuwa mwongo nikisema mkoba wake haujawahi kunuka.

Sisemi zaidi. Wewe ndiye mkewe, utapima mwenyewe. Mwambie Mama soksi zinanifaa.

Mdogo wako,
Gleb


Pskov, 25 Septemba 1974

Savely,

Mkoba wako unanuka. Usiniulize nimejuaje.

Uliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Hukuapia kichwa chako, uliapia cha mtoto! Kisha unanitumia aprikoti ili nitafune nikae kimya, kama anayemtupia mbwa mfupa apite getini. Eti siku ya sabini na saba. Uliihesabu ukiwa umeshika gilasi kwa mkono gani?

Usije Mwaka Mpya, wala baada yake. Taya nitamwambia una safari ndefu. Barua hii naipeleka posta sasa hivi kabla moyo haujalainika, kwa maana naujua moyo wangu, ni mjinga.

Kapitolina


Przhevalsk, 12 Oktoba 1974

Dada yangu,

Telegramu umekwisha kuipata. Sina maneno yaliyozidi yale.

Savely alianguka kutoka kwenye boti tarehe nane asubuhi, akazama. Kamati imekaa na kuandika kuwa alikuwa amelewa. Tumemzika jana kwenye makaburi ya mjini, jeneza likiwa limefungwa. Usihangaike kuomba kibali cha kuja, hakitatoka.

Nisamehe, Kapa.

Gleb


Pskov, 2 Novemba 1974

Gleb,

Sikuwa na nia ya kuja.

Siku tisa baada ya telegramu ulifika mfuko mwingine wa aprikoti, wa sita. Posta ni wapumbavu, wanaleta tu. Sikuufungua. Nilimpa Marfa jirani awamwagie nguruwe wake. Taya alilia, nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga mtoto huyu.

Picha ya Savely nimeigeuza, inatazama ukuta. Taya akikua nitamwambia baba yake alichagua chupa. Nililia, sikufichi, nililia hadi Mama akainuka kitandani kuja kunishika. Lakini ni kilio cha hasira, na hasira haimwoshi maiti.

Wewe asante. Wengine wote wangenificha. Wewe peke yako uliniambia ukweli. Majira ya baridi haya nitakufumia soksi mimi, mikono ya Mama haishiki sindano tena.

Dada yako,
Kapitolina


Karakol, 19 Mei 1992

Dada Kapa,

Mji wetu umerudishiwa jina lake la zamani, usishangae muhuri. Nchi niliyoiapia kunyamaza ilikufa Desemba. Nami sina muda mrefu, daktari amelishika ini langu akatikisa kichwa. Lakini usidhani naandika kwa sababu ya ini. Naandika kwa sababu juzi zimefika soksi zako, jozi ya kumi na nane, na nimeshindwa kuzivaa.

Savely hakuwa amelewa. Mlevi nilikuwa mimi.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwani nikirukaruka nitapata pa kujificha. Ile torpedo aliyoiita farasi ilikuwa na injini ya roketi. Puani ina kisahani kidogo kinachosukuma maji pembeni, gesi inajaa nyuma yake, na yote inakimbia ndani ya kiputo bila kuguswa na maji. Mita mia kwa sekunde. Wakubwa waliitaka kwa siku moja tu: nyambizi yetu ikisikia torpedo ya adui inakuja, irushe hii yetu papo hapo kwenye mstari ule ule ambako sauti imetokea. Hakuna wakati wa kulenga vizuri. Adui ataiona inamjia, atageuka kukimbia, waya anaoongozea torpedo yake utakatika, na labda watu wetu watapona. Labda. Sisi tuliiita ya kisasi. Na kwa kuwa haisikii wala haivutwi, kila kitu ni kile ulichoiambia kabla ya kuiachia. Ukikosea hapo, hakuna mtu duniani wa kuirekebisha.

Sasa aprikoti. Savely alikuwa akipewa chupa yake ya spiriti kila mwezi. Mwezi wa kwanza alinijia akasema, “Shemeji, nitolee hii mbele ya macho yangu, naogopa kulala nayo chumba kimoja.” Nikaichukua. Nilikuwa tayari nakunywa spiriti ya kusafishia vyombo vyangu vya kazi, na ilikuwa hainitoshi. Nikamwambia nitamlipa kwa aprikoti, kuna mama Mkirgizi aliyekuwa akiniletea. Chupa moja, mfuko mmoja. Alifurahi kama mtoto. Akaniomba nisikwambie, alitaka akwambie mwenyewe Mwaka Mpya. Mkoba wake ulinuka, ndiyo, kwa sababu aliniletea chupa ndani ya mkoba huo. Ulipouliza, ningeweza kukujibu kwa neno moja, hapana. Lakini hapana hiyo ingekufanya uulize chupa zinakwenda wapi. Nikakuandikia ule uongo usio na uongo ndani yake.

Tarehe nane Oktoba asubuhi alikuja na chupa ya sita. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni upepo. Akanipa na barua, akasema, “Leo unakwenda mjini, shemeji, nitilie posta, ni ya Kapa, ina haraka.” Nikaitia mfukoni. Yeye akaenda kwenye boti. Mimi nikafungua chupa.

Saa nne tulikuwa tayari. Njia ilikuwa kulia, kumi na mbili. Nikataja kwa sauti safi kabisa, “Kulia, kumi na mbili!” Okhrimenko akajibu, “Kulia, kumi na mbili!” Kapa, mdomo wangu ulisema kulia na mkono wangu ukazungusha kushoto. Kazi ya Okhrimenko ilikuwa kuinama aisome namba kwa macho yake, lakini miaka mingi tulikuwa tumezoea, alijibu sauti yangu tu, kama kwaya. Kwa hiyo wawili tuliapa kulia na torpedo ikaambiwa kushoto.

Kutoka kwetu hadi botini, huko huko kushoto, ni kilomita mbili. Sekunde ishirini. Niliona mstari mweupe unakwenda pasipostahili, nikapiga kelele. Nilikuwa nampigia nani? Hizo za mwanzo zilikuwa na tabia ya kupanda juu zikikaribia mwisho wa safari, na hiyo ilipanda. Haikuwa na baruti, lakini kwa mbio zile haihitaji baruti. Wenzake watatu walikuwa nyuma, wakatupwa majini, wakaokolewa. Savely alikuwa mbele, ameshika kamba yake.

Wakubwa walikuja jioni ile ile. Walisema torpedo hiyo haipo, na kitu kisichokuwapo hakiwezi kuua mtu. Chumba changu kilinuka spiriti na harufu ilihitaji mwenyewe. Wakaniuliza, “Marehemu alikuwa mnywaji?” Nikasema alikuwa. Maelezo ya kamati niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, nikatia sahihi.

Barua yake niliifungua usiku wa mazishi. Nilipoona jina langu ndani, nikaificha. Naituma sasa. Sikuombi msamaha, nimekula jozi kumi na nane za soksi kwa uongo na zinanitosha.

Gleb


(Ndani ya bahasha hiyo)

Przhevalsk, 7 Oktoba 1974

Kapa wangu,

Barua yako imenifika jana. Nimeisoma kwenye boti, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Sijaonja. Leo ni siku ya mia na tisini. Nilitaka nikwambie kwa mdomo nikuone ukicheka, lakini umenibana, basi cheka hapo hapo ulipo. Aprikoti zile ndizo chupa zangu! Kila mfuko uliokufikia ni chupa ambayo haikupita kooni kwangu. Umepokea mitano. Wa sita nimeutuma leo, na chupa yake naipeleka kesho asubuhi. Ukitaka kujua mumeo amekunywa kiasi gani, angalia aprikoti. Muulize shemeji, chupa zote zimeishia kwake. Lakini usimgombeze, Kapa, nakusihi. Ni mpweke huyu, hana wa kumwapia.

Umesema nisije. Nitakuja tu. Nitasimama nje kwenye theluji na utanifungulia, kwa maana moyo wako naujua pia, na si mjinga.

Mbusu Taya palepale kichwani nilipoweka mkono.

Savely wako


Pskov, 14 Juni 1992

Gleb,

Nilimsomea Taya barua zote mbili. Nilipofika pale pa kichwani alitoka nje, na mpaka ninapoandika hajarudi. Ana miaka ishirini na minne. Siku ya harusi yake walimuuliza kama atainua gilasi kwa kumkumbuka baba yake, akasema mbele ya watu wote, “Yeye aliinua za kutosha.” Hayo nilimfundisha mimi. Mimi nilifundishwa na wewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikuwa nakufumia nguo.

Lakini sitakutwika vyote. Ile barua ya Septemba niliiandika mimi. Niliikimbiza posta nikiwa na kalamu bado mkononi, na nilipogeuka kurudi nyumbani nilitaka kuirudisha, nikaona haya kumwomba yule mama wa dirishani. Alikufa akiwa ameisoma. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Soksi usivae, wape wengine. Hapa usije. Aprikoti usitume, siwezi kuziona, nawaona nguruwe wa Marfa. Jambo moja tu nataka kwako kabla ini halijakumaliza, na hili usikosee.

Nenda kwenye kaburi la Savely mchana, watu wakiwapo. Chukua na mtu wa pili, Okhrimenko kama yu hai, au yeyote. Soma maneno niliyoandika hapa chini kwa sauti. Kisha mpe karatasi mwenzako ayasome tena. Asirudie sauti yako, Gleb! Ainame, asome karatasi kwa macho yake mwenyewe, neno kwa neno. Baada ya hapo aniandikie yeye kwamba yamesomwa. Wewe usiniandikie tena.

Maneno ni haya:

Savely, mimi ni Kapa. Mfuko wa sita ulifika. Picha yako nimeigeuza, unatuona.

Hukunywa.

Mlango uko wazi, njoo.

Kapitolina